Junia anataka gauni la malkia wa barafu, baba yake hataki kusikia

Shikamoo Somo,

Naomba unisaidie maana hapa nilipo sina wa kumwambia. Nikimwambia dada yangu aliyeko Tanga ataanza kuniombea, nikimwambia shoga yangu wa huku habari itafika kwenye grupu kabla sijakata simu.

Tunaishi Minnesota mimi na mume wangu na watoto wawili, Neema ana miaka 8 na mdogo wake ana miaka 5, kaanza chekechea juzi tu hapa Septemba. Huyo mdogo kapewa jina la baba yake kwahiyo nyumbani tunamwita Junia. Ni mtoto mchangamfu, anacheza mpira, anapigana na dada yake, anakula kama mchwa, sijawahi kuona shida yoyote kwake.

Sasa Halloween hiyo inakuja. Mwanzo tulivyokuja sisi tulikuwa tunazima taa tunakaa kimya ndani, tunaona ni mambo ya kishetani, lakini ukishakuwa na watoto wanaosoma huku utafanyaje, tarehe 31 Oktoba jioni mtaa mzima watoto wamevaa mavazi ya kujigeuza wako nje wanagonga milango wanapewa pipi, wako umfungie ndani aangalie dirishani? Tukaanza kutoka nao. Na kanisani kwetu wameweka siku yao, Jumamosi moja kabla, mnapanga magari pale paking, kila mtu anafungua buti analipamba, watoto wanapita buti kwa buti wanachukua pipi. Wakina baba ndo wanapenda zaidi ile, utawaona wanashindana mabuti.

Mwaka jana Neema alisema anataka kuwa zimamoto. Tukamnunulia, kofia nyekundu, koti lenye mistari ya kung'aa, shoka la plastiki. Baba yake alimpiga picha mwenyewe akaweka stetasi, basi siku hiyo simu haikupumua, wajomba wanaandika "jembe hilo", mashemeji "huyo ndo mtoto sasa", mama mkwe wangu kule Moshi akatuma voisi anacheka mpaka anakohoa. Hakuna hata mmoja aliyesema mbona mtoto wa kike kavaa nguo za kiume.

Mwaka huu nimewapeleka wote wawili dukani. Junia hakuuliza mtu, kaenda moja kwa moja kashika gauni la bluu lina vitu vya kumetameta mwili mzima na joho jeupe jepesi nyuma linaburuzika chini, malkia wa barafu, kaniambia mama hili. Nikamtolea dainosaria, nikamtolea polisi, nikamtolea yule shujaa mwenye misuli ya sponji, vyote anatikisa kichwa tu. Nikamwambia tutarudi wiki ijayo maana mama hana hela leo.

Kumbe kwenye foleni alikuwepo mama mmoja wa kanisani kwetu, kaona kila kitu. Akanisogelea kwa sauti ya chini kama ananipa pole ya msiba, "Mama Neema, huku ukilegea kidogo tu mtoto wanakuharibia, wewe huoni yanayotokea?" Nikacheka cheko la aibu nikaondoka. Kesho yake nimempeleka Junia shule namkuta mama mmoja Mmarekani, mtoto wake anasoma na Junia, katika kupiga stori nikamwambia jamani yale magauni ya Halloween bei yake, na yote hayo ni kwa jioni moja. Akauliza ni la Neema? Nikasema la Junia. Huyo mama alinishika mkono Somo, macho yamemjaa, akaniambia mimi ni jasiri sana, akaniuliza kama Junia ameshawahi kusema anajisikia kuwa msichana, akasema ataniletea vitabu. Mi nilikuwa nalalamikia bei!

Usiku nimemwambia mume wangu. Sio mtu mkorofi, nisimsingizie, anafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee, anaogesha watu wazima na kuwabadilisha nepi bila kunung'unika, lakini hapa kakaza. Kasema, "Mtoto anayebeba jina langu havai gauni," na akaongeza kwamba picha ikifika Moshi mama yake ataugua. Toka siku hiyo hataki kusikia.

Mtoto kila asubuhi ananiuliza mama leo una hela?

Nimewaza mawili. La kwanza nimwambie yale magauni yameisha dukani. La pili ninunue kimya kimya nimvalishe baba yake akishaenda kazini tuzungushe mitaa miwili turudi, nivue nifiche. Lipi lina afadhali? Na je, mimi ndo namharibu mtoto?

Mama Neema, Minnesota

* * *

Marahaba Mama Neema,

Hayo mawili uliyowaza yote yatupe, nitakwambia kwanini, lakini acha kwanza nicheke kidogo na huyo mama wa vitabu. Umeenda kulalamika bei umerudi na nishani ya ujasiri.

Ila umeona lakini? Ndani ya siku mbili umekutana na wanawake wawili ambao wakikaa meza moja hawatakubaliana hata rangi ya chai, na wote wawili wamefanya kitu kile kile, wameliangalia gauni wakasoma humo maisha yote ya mtoto mpaka uzeeni, mmoja kaona amepotea, mwingine kaona amejitambua, na mwenye gauni lake ana miaka 5 na anachotaka ni kumetameta na kugandisha watu kwa kidole. Mimi Junia atakuja kuwa mtu wa namna gani siwezi kukwambia leo, wala wao hawawezi, na hakuna kostyumu ya jioni moja inayoweza kumgeuza mtoto upande huu wala ule. Dada yake kavaa zimamoto mwaka jana, mbona hajahamia kituo cha zimamoto. Hilo la kumharibu liondoe kichwani tujadili yanayojadilika.

Umeshamuuliza anachokipenda kwenye hilo gauni? Sio kwa kumhoji, usimkalishe kitako, muulize mkiwa mnaosha vyombo au kwenye gari, huyo malkia anafanya nini, wewe ukivaa utafanya nini. Nakuhakikishia utapata jibu ambalo hamkulitegemea. Watoto wa umri huo mara nyingi wanachagua mwenye nguvu, na ukiangalia hadithi zao nyingi malkia wa barafu ndo mwenye nguvu kuliko wote humo ndani, anajenga ngome, anatuliza bahari, sasa huyo polisi wa plastiki anashindana na nini hapo? Inawezekana kabisa anachotaka ni lile joho la nyuma, kwamba akikimbia linapepea. Ukijua ni joho, mazungumzo na baba yake yanakuwa mengine. Na ukijua ni gauni lenyewe, basi nayo umejua, hujapoteza kitu.

Halafu usisahau nani kaligawa lile duka, upande huu misuli na mapanga, upande ule mbawa na vitu vya kung'aa, ni wauzaji. Kuna mtafiti anaitwa Adie Nelson mwaka 2000 alitoa utafiti wake, alipitia kostyumu 469 za watoto za Halloween zikiwemo na patani za kushonea, akakuta zile ambazo mtoto yeyote anaweza kuvaa bila watu kuuliza ni chache mno, hata dragoni akipakwa pinki anakuwa wa kike. Kwahiyo mtoto hakuvuka mpaka wowote pale dukani Mama Neema, yeye kaona rangi ya bluu, ambayo kwa akili ya kawaida ungesema ndo rangi ya kiume, akaifuata.

Na hili suala la mtoto wa kiume na gauni, tungekuwa na kumbukumbu kidogo tusingeshtuka hivi. Hapo hapo Marekani kuna picha ya mwaka 1884 ya mtoto wa miaka miwili na nusu, kakaa, nywele zimefika mabegani, amevaa sketi nyeupe na viatu vya kung'aa, ni mzuri kama mdoli. Huyo ndo Franklin Roosevelt aliyekuja kuwa rais na kuiongoza Marekani kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Wala haikuwa kituko, watoto wa kiume wa familia zao enzi hizo walivaa magauni mpaka kwenye miaka 6 au 7 ndo wanavalishwa suruali. Hata Halloween yenyewe, ilikuja Marekani na wahamiaji wa Ireland na Scotland karne ya 19, na kule kwao ule usiku wa 31 Oktoba ulikuwa ni wa kujigeuza ili usijulikane, sehemu nyingine vijana walikuwa wanabadilishana nguo za kike na za kiume wakapita nyumba kwa nyumba. Sasa wewe unaogopa kwamba mwanao ataiharibu sherehe ambayo asili yake ni hiyo hiyo!

Na kwetu je? Ndo hapo ninapochoka kabisa na hao wanaosema ni mambo ya Wazungu. Waulize wazee wa pwani habari za ngoma ya beni, enzi za mkoloni, watu wanavaa sare za kizungu wanajipa vyeo, huyu jenerali huyu amirali, kundi la Marini linashindana na la Arinoti, na wanawake wa ngoma ya lelemama Mombasa hawakukubali kubaki nyuma, nao wakavaa kama maofisa wakapita mitaani, mji mzima umetoka kuangalia. Njoo mpaka leo, washa televisheni yoyote ya Bongo, utaona mwanaume mzima na ndevu zake kavaa dera kajifunga kanga kiunoni kaweka na maputo anaigiza mama mwenye nyumba, na huyo mama wa kanisani kwenu anacheka mpaka machozi, anamfowadia na mchungaji. Waliosoma shule za bweni za wavulana watakwambia kwenye maigizo nani alikuwa anaigiza bibi harusi. Ukubwani kote huko tunajua ni maigizo, ila mtoto wa chekechea ndo tunamkazia macho kama hakimu.

Haya yote lakini usiende kumsomea mume wako kama hotuba. Roosevelt hatakusaidia saa kumi na mbili asubuhi mwanaume katoka shifti macho mekundu.

Huyo mume wako mimi simwoni kama adui, nataka na wewe usimwone hivyo. Sikia alichokisema, kasema mtoto anayebeba jina langu. Hapo kuna mtu anaogopa kuchekwa, na inawezekana kabisa aliwahi kuchekwa au kumwona mwenzake akichekwa mpaka akahama shule, wanaume wetu wengi wamelelewa kwa "usilie kama mwanamke" na fimbo juu yake, kwahiyo akiona gauni haoni gauni, anaona kijiwe kizima kinamcheka mwanawe na yeye hayupo pale kumtetea. Hiyo ni hofu ya mzazi anayempenda mtoto. Anza na hapo. Subiri siku yake ya mapumziko, watoto wamelala, ameshakula, usianze na "mbona Neema alivaa zimamoto", hiyo ni kweli tupu na utaitumia, ila ukianza nayo utakuwa umemkaba na mtu aliyekabwa hafikirii, anajinasua tu. Anza na swali, "Baba Neema, unaogopa nini kitampata?" kisha unyamaze. Kunyamaza kwenyewe ndo kazi, najua.

Akishasema, basi mnaongelea kile alichokisema. Kama ni kuchekwa na watoto wenzake, mwambie ana haki, maana watoto wa miaka 5 na 6 ndo polisi wakali kuliko hata sisi, umri huo ndo wanajifunza kwa nguvu hiki cha wavulana hiki cha wasichana na hawana huruma na anayekosea, baadaye wakikua kidogo wanalegea. Kwahiyo mtoto aandaliwe. Mfundisheni sentensi moja fupi ya kujibu, "Hii ndo kostyumu yangu, mimi ni malkia wa barafu, nakugandisha," mfanye mazoezi sebuleni, baba ajifanye ndo mtoto mtukutu, Junia amgandishe. Nakwambia baba akishagandishwa mara mbili tatu sebuleni kwake nusu ya ugomvi umeisha. Kama ni picha kufika Moshi, hilo nalo lina dawa, nakuja.

Na umpe kazi. Wanaume wengi ukimwita aje akubali jambo anakataa, ukimwita aje alifanye anafanya. Ikiwezekana abadilishane shifti siku hiyo atembee na mtoto yeye mwenyewe, mtoto mwenye baba yake pembeni, tena baba mwenyewe kavaa koti kubwa na tochi mkononi, nani atathubutu?

Sasa kama akikataa kabisa? Inawezekana, sitaki nikudanganye kwamba ukifuata maneno yangu atakubali. Akikataa usimvalishe kwa siri. Hili nalisema kwa ukali kidogo. Siku utakapomwambia mtoto "usimwambie baba", umemfundisha vitu viwili kwa mpigo, kwamba alichokipenda ni cha aibu, na kwamba baba yake ni mtu wa kufichwa, na kwa umri wake hawezi kushika siri mpaka asubuhi, atamwambia baba yake kwenye chai, na hapo Halloween yenu itakuwa imeanza upya Novemba. Na ile ya magauni yameisha dukani, jamani Mama Neema, wiki hiyo hiyo atawaona mabinti watano mtaani kwenu wamelivaa. Atajua. Watoto wanajua. Akikataa mwambieni mtoto ukweli, mama na baba hawajakubaliana, mwaka huu la kutokea nje tuchague lingine, gauni utavaa ndani. Hata baba mgumu mara nyingi la ndani analikubali. Atalia, na anayelia ni bora kuliko aliyedanganywa. Na baba amwambie yeye mwenyewe, usibebe wewe hukumu ya mtu mwingine ukaonekana ndo mbaya.

Tena usiende kwa mchungaji kumshtaki, usimpigie mama yake akakusaidie, usimwambie shemeji. Hilo ni la chumbani kwenu.

Sehemu nyingine ni hizo sherehe zenyewe, sio zote ni sawa. Shuleni ulizia kwanza, shule nyingi huko siku hizi hazina kabisa mambo ya kostyumu, zinafanya tu sherehe ya msimu wa mavuno, na zinazoruhusu zina masharti, hakuna barakoa, hakuna silaha, kwahiyo huenda hapo hakuna hata cha kugombania. Ikiwa wanaruhusu mwambie mwalimu mapema, kwa kifupi, Junia atavaa hiki naomba umwangalie watoto wasimsumbue, basi, mwalimu wa chekechea ameshaona makubwa kuliko hayo. Mtaani usiku wa tarehe 31 ndo kwepesi kuliko kote, giza, baridi, kila mtu kavaa kituko chake, wanaogawa pipi hawajui hata nani ni wa nani, nusu ya malkia wa barafu watakaopita hapo wana makoti mpaka kwenye pua. Ile ya kanisani ya mabuti ndo ngumu, maana pale ndo kijiji chenu kipo, na mimi kwa maoni yangu usiifanye kuwa uwanja wa vita mwaka huu. Sio kwamba una hatia yoyote. Ni kwamba mtoto wa miaka 5 asipelekwe kuwafundisha watu wazima adabu, hiyo sio kazi yake. Kama Junia yuko tayari kuvaa dainosaria Jumamosi na malkia tarehe 31, wengi wanafanya hivyo, kostyumu mbili, ya kanisani unaazima kwa jirani. Ila akisema malkia kote kote na baba yake amekubali, nendeni, kaeni karibu na buti lenu.

Kuhusu huyo mama wa foleni, huna deni la maelezo kwake. Akirudi, maana atarudi, mjibu kwa upole kabisa, "Ahsante dada kwa kutujali, kachagua mwenyewe mwaka huu," halafu muulize habari za watoto wake. Usijitetee, ukijitetea umefungua kesi. Na yule wa vitabu mjibu hivyo hivyo kwa lugha yake, mwambie ahsante, ni kostyumu tu, na kama mtoto ana lolote la kusema nitamsikiliza mwenyewe. Huyo anakutakia mema kweli, tofauti na wa foleni ambaye nina mashaka naye, lakini wema nao ukizidi unamwandikia mtoto majibu ya maswali ambayo hajauliza.

Picha. Mpigeni picha, nyingi, ni zake atazitaka akikua. Ila msiweke stetasi wala grupu la ukoo. Na sio kwa sababu ni aibu, ningekwambia hivyo hivyo hata angekuwa dainosaria, kwa sababu picha ya mtoto ikishatoka kwenye simu yako ina miguu kuliko wewe, leo iko Moshi kesho iko kwa mtu usiyemjua kaiandikia maneno yake, na huwezi kuirudisha. Wazazi mnasahau kwamba huyo mtoto atakuwa kidato cha kwanza siku moja na wenzake wana simu.

Mambo ya kiufundi nisiyasahau maana ndo yanayoharibu usiku. Hayo magauni ya dukani kitambaa chake ni chepesi kama chandarua, na nyie mko Minnesota, ambako tarehe 31 Oktoba mwaka 1991 theluji ilianza kudondoka watoto wakiwa njiani kuomba pipi na haikuacha mpaka ikafika inchi 28 na ushee pale Minneapolis, wenyeji mpaka leo wanahadithiana. Kwahiyo chukua saizi kubwa kuliko yake, alivae juu ya koti, ndani leginzi nzito na soksi mbili, viatu vyake vya kawaida vya shule sio vile vya plastiki wanavyouza pamoja. Joho linaloburuzika lipandishe kwa pini mpaka juu ya kifundo cha mguu, ngazi za vibaraza vya huko ni za mbao zina utelezi, na gauni limeangusha watoto wengi kuliko pepo yeyote wa Halloween. Weka utepe wa kung'aa mgongoni magari yamwone. Lile la zimamoto la Neema lina mistari hiyo, kama limeshambana bandua ile utumie.

Mwisho ni mama mkwe. Mkishakubaliana wewe na Baba Neema, mpigieni nyinyi, wote wawili, kabla ya hiyo siku, baba ndo aanze kuongea maana ni mama yake. Semeni tu kuna sikukuu ya watoto huku wanajigeuza, mwaka jana Neema alikuwa zimamoto mama ukacheka sana, mwaka huu Junia anakuwa malkia, halafu mpeni Junia simu amweleze bibi yake mwenyewe jinsi atakavyogandisha watu. Na mpigieni wiki hii hii, maana yule mama wa foleni na yeye ana namba za Moshi.

Somo